Mshale huu → na gharama yake

Leo nataka tuzungumze kuhusu alama moja ndogo ambayo wengi wetu huitumia bila kuifikiria: mshale. Sisemi vile vitufe vinne vya mishale vilivyo upande wa kulia wa kibodi, wala kile kishale kinachofuata kipanya. Nasema mshale ulioandikwa ndani ya maandishi yenyewe, kama huu →, sawa na herufi nyingine yoyote.

Ukianza kuutafuta utauona kila mahali. "Soma zaidi →" mwishoni mwa makala. "Nairobi → Kisumu" kwenye tiketi ya basi. "Mipangilio → Mtandao → Wi-Fi" kwenye maelezo ya simu. Bila mshale ungehitaji neno zima: kisha, hadi, kuelekea, inakuwa. Alama moja hubeba yote hayo, na ndiyo sababu tunaipenda.

Mimi ni mwandishi wa programu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhamisha maandishi ya watu: kutoka fomu hadi hifadhidata, kutoka hifadhidata hadi tovuti, kutoka tovuti hadi simu. Katika safari hizo mshale huu nimeukuta umevunjika kwa njia nyingi, na mara moja nimeuona ukiwagombanisha watu wazima. Nitafika huko. Kwanza tuujue wenyewe.

Ni herufi, si picha

Tarakilishi haijui mshale. Inajua nambari. Katika mpango wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, kila herufi ina nambari yake, na mshale wa kulia ni U+2192. Ukiigeuza kuwa nambari za kawaida ni 8594. Jirani zake ni ← (8592), ↑ (8593) na ↓ (8595). Mtaa mzima wa mishale una nafasi 112, kuanzia U+2190 hadi U+21FF, na bado kuna mitaa mingine ya ziada iliyoongezwa baadaye.

Ukihifadhi mshale kwa UTF-8, unachukua baiti tatu: E2 86 92. Herufi "a" huchukua baiti moja tu. Tafadhali zishike hizi baiti tatu, tutazirudia.

Mishale iliyofukuzwa

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mishale ilikuwemo kwenye ASCII tangu mwanzo. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lilikuwa na mishale miwili, ↑ na ←. Jedwali liliporekebishwa, toleo la mwaka 1967 liliweka ^ mahali pa ↑, na _ mahali pa ←. Kwa hiyo kila unapoandika anwani ya barua pepe yenye mstari wa chini, unakalia kiti kilichokuwa cha mshale.

Alama za kufukuzwa huko bado zipo. Lugha ya Pascal ya Niklaus Wirth ilitumia ↑ kuonyesha kielekezi, na mishale ilipokosekana kwenye kibodi watu wakaandika ^, na ndivyo tunavyoandika hadi sasa. Smalltalk ilitumia ← kuweka thamani kwenye kigeu. Nayo Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na vitufe vya ↑ na ←, kwa sababu ilifuata lile jedwali la zamani.

Waandishi wa programu waliobaki bila mshale wakajiundia wa kwao kwa vipande: kistari na alama ya "kubwa kuliko". Ndiyo hii -> ya lugha ya C, na => ambayo JavaScript iliipokea rasmi mwaka 2015. Kumbuka -> si herufi moja, ni mbili. Tofauti hiyo itakuja kuwa ya pesa.

Jinsi ya kuuandika

Kwa wanaouliza, hizi ndizo njia ninazozitumia:

- Windows, ukiwa na kibodi yenye nambari za pembeni: shikilia Alt, andika 26, achilia. Unapata →. Alt na 27 ni ←, 24 ni ↑, 25 ni ↓. Nambari hizi zinatoka kwenye jedwali la herufi la IBM PC ya mwaka 1981.
- Word: andika 2192 halafu bonyeza Alt na X.
- Linux: kitufe cha Compose, kisha - na >.
- Ukurasa wa HTML: andika &rarr; au &#8594;. Majina haya ya mishale yamo tangu HTML 4.0 ya mwaka 1997.
- CSS: content: "\2192".

Tahadhari moja kwa wenye mlisho wa RSS. XML inayajua majina matano tu: amp, lt, gt, quot na apos. Ukiweka &rarr; ndani ya XML bila kuitangaza, mlisho wote unakataa kusomeka kwa sababu ya mshale mmoja. Tumia nambari, &#8594;, nayo itapita bila shida.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini tovuti za zamani ziliandika "Soma zaidi »" badala ya mshale, jibu ni kwamba » ilikuwemo kwenye seti ya herufi ya ISO-8859-1 iliyotumika sana wakati ule, na → haikuwemo. Watu walichagua kilichofika.

Dalili nne za mshale mgonjwa

Mtu akinipigia simu na kusema "herufi zimeharibika", swali langu la kwanza ni moja: unaona nini hasa? Jibu lake hunionyesha mahali pa kutafuta hata kabla sijafungua mashine.

Akiona kisanduku kitupu, mshale umefika salama lakini fonti ya kifaa chake haina umbo lake. Hakuna kilichopotea. Ukiyafungua maandishi hayohayo kwenye kifaa kingine, mshale unatokea.

Akiona â†’, basi baiti zimefika zote tatu lakini zimesomwa vibaya. Programu iliyopokea ilidhani ni Windows-1252, ambamo E2 ni â, 86 ni † na 92 ni ’. Baiti tatu zimegeuka herufi tatu. Hili linatibika: iambie programu isome kama UTF-8 na mshale unarudi.

Akiona alama ya kuuliza, pole. Mahali fulani njiani, mara nyingi kwenye jedwali la hifadhidata la zamani, kuna hatua ambayo haikuwa na nafasi ya mshale ikaweka ? badala yake. Hapo hakuna dawa. Nambari imeshafutwa, na itabidi mtu aandike upya.

Akiona à mahali pa mshale, mwulize kama aliandika kwa Word. Ukiandika --> katika Word, programu hiyo hukugeuzia kuwa mshale mzuri. Lakini mara nyingi mshale huo si U+2192. Ni herufi à iliyovalishwa fonti ya Wingdings, ambayo huchora mshale mahali pa à. Ukiyabandika maandishi mahali pasipo na Wingdings, vazi linavuka na à inabaki uchi. Mshale wa kushoto nao huacha ß. Nimeona barua pepe za ofisini zenye "Jumatatu à Ijumaa", na hakuna aliyejua ile à ilitoka wapi.

SMS ya sacco

Sasa tuje kwenye ule ugomvi.

Kuna sacco moja, sitaitaja, yenye wanachama 1,200. Walikuwa wamenunua huduma ya kutuma SMS za jumla kutoka kampuni fulani. Mimi sikuwa nimeshiriki katika mfumo huo. Niliitwa siku mbili kabla ya mkutano wao mkuu wa mwaka, kwa sababu salio lilikuwa limeisha na zaidi ya nusu ya wanachama hawakuwa na habari.

Karani alikuwa amenunua SMS 1,300, mia moja zaidi ya alizohitaji. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

Mwanachama, AGM ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Kulipa mchango: M-PESA → Lipa na M-PESA → Paybill → weka nambari yako ya uanachama. Njoo na kitambulisho. Asante.

Hesabu herufi zake, pamoja na nafasi. Ni 156. Karani alijua kwamba SMS moja ni herufi 160, akahesabu, akaridhika, akatuma. Ujumbe ulipofika kwa mtu wa 433, salio likakata.

Ilikuwaje? SMS moja hubeba baiti 140, basi. Alfabeti ya kawaida ya GSM hutumia biti saba kwa kila herufi, ndiyo maana zinaingia 160. Alfabeti hiyo ina herufi za a hadi z, tarakimu, alama za kawaida, na herufi kadhaa za Ulaya. Haina mshale. Ukiweka herufi moja isiyokuwemo, ujumbe wote, si herufi ile peke yake, unahamia mfumo wa biti 16 kwa kila herufi. Nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Na ujumbe ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu kila kipande lazima kibebe pia maelezo ya kukiunganisha na wenzake. Herufi 156 ni vipande vitatu. Kila mwanachama alilipiwa SMS tatu. 1,300 ukigawa kwa 3 unapata 433 na kimoja cha ziada.

Kama ingekuwa hasara ya pesa tu, ningewaeleza na kwenda zangu. Tatizo ni kwamba orodha ilikuwa imepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Salio lilikata katikati ya herufi K. Waliopata ujumbe ni kina A, B, C na kuendelea. Wasioupata ni waliobaki wa K, na wote wa M, N, O, W.

Msomaji Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu, herufi ya kwanza ya jina la ukoo inaweza kumwambia mtu unatoka wapi, au angalau akadhani anajua. Na huo ulikuwa mkutano wa kuchagua viongozi. Kufikia jioni maneno yalikuwa yameshaenea kwamba kuna watu wamefichwa habari za mkutano makusudi, na kwamba karani amekula pesa za SMS, kwa maana stakabadhi ilikuwa ya 1,300 na waliopata hawakufika hata 500. Karani huyo, mama wa makamo aliyefanya kazi pale miaka mingi, alikuwa ameketi kwenye kona ya ofisi hasemi kitu.

Mwenyekiti akaniambia, "Fundi, tueleze kwa lugha ya kueleweka. Pesa zimeenda wapi?"

Nikawaambia: "Mzee, fikirieni matatu ya abiria kumi na wanne. Anapanda abiria mmoja mwenye mzigo mpana, kiti kimoja hakimtoshi. Badala ya konda kumtoza yeye peke yake viti viwili, anaamuru kila abiria akalie viwili. Sasa matatu imebeba watu saba. Wale wengine lazima watafutiwe gari la pili, na nauli ya magari yote inalipwa na ninyi."

Akauliza, "Na huyo mwenye mzigo ni nani?"

Nikamwonyesha mshale.

Walitaka kuona kwa macho yao. Nikafungua ule ukurasa wa kutumia SMS, nikafuta mishale mitatu, nikaandika -> mahali pake. Kistari na alama ya > zote zimo kwenye alfabeti ya GSM. Ujumbe ukawa na herufi 159, tatu zaidi ya ule wa kwanza, na ukurasa ukaonyesha SMS moja. Ujumbe mrefu kuliko wa kwanza, kwa theluthi ya bei. Mweka hazina akauchapisha ukurasa huo pamoja na ripoti ya SMS 433 zilizolipiwa mara tatu, akavibandika vyote kwenye ubao wa matangazo. Wanachama 767 waliobaki walitumiwa ujumbe usiku huohuo.

Mkutano ulifanyika. Sidhani wote waliamini hadithi ya mshale, lakini stakabadhi ilisomeka na hesabu ilitoka sawa, na karani akaendelea na kazi yake.

Nilichowalaumu watoa huduma, na nimewaambia, ni kwamba idadi ya vipande ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa, na hapakuwa na neno lolote la kumwambia mtumiaji kwa nini imeruka kutoka moja hadi tatu. Karani hakupaswa kujua habari za biti saba. Hiyo ni kazi ya mfumo.

Si mshale tu

Kuna herufi nyingine ya kuangalia, na hii inatuhusu sana sisi wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kinaandikwa chote kwa herufi zilizomo kwenye GSM, kwa hiyo tuna bahati: herufi 160 ni zetu kamili. Lakini tuna ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Ile alama ya juu ikiwa imenyooka, ' , imo. Ukiandika kwa Word au kwa simu inayopenda kuipinda ikawa ’, haimo. Ng’ombe mmoja mwenye alama iliyopinda atakugharimu sawasawa na mshale.

Kama unatengeneza ukurasa wa kutumia SMS, weka angalau kipimo hiki kifupi:

if (/[^\x20-\x7E\r\n]/.test(ujumbe)) { alert("Kuna herufi itakayopandisha bei ya SMS hii."); }

Si kamili. Alama kama { na [ huhesabiwa mara mbili kwenye SMS, na ` haimo kabisa. Lakini kingemwokoa yule mama.

Wanaosikia badala ya kuona

Rafiki yangu mmoja haoni, na simu yake humsomea kila kitu. Nilimtumia maelezo yenye mishale nikamwomba aniambie anasikia nini. Programu moja ilitamka jina la mshale kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Nyingine iliuruka kimya, na hatua tatu zikasikika kama kitu kimoja: "Mipangilio Mtandao Wi-Fi". Kwake mshale ulikuwa kelele au haukuwepo.

Kwa hiyo kwenye kurasa ninazotengeneza, mshale wa mapambo naufunga hivi: <span aria-hidden="true">→</span>. Na ule wenye kazi, yaani unaosema "kisha", naubadilisha kuwa orodha yenye nambari au naandika neno lenyewe.

Pia mshale haujui mbele ni wapi. Ukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyoandika Kiswahili kwa karne nyingi, mbele ni kushoto. Unicode hugeuza mabano yenyewe katika maandishi ya namna hiyo, lakini mishale haigeuzi. "Endelea →" itamrudisha msomaji alikotoka. Ni juu yako kuchagua ←.

Na ukitaka ↗ au ↩ kwenye tovuti, ujue kwamba baadhi ya simu huzichora kama emoji, kisanduku cha rangi katikati ya aya yako. Kuzuia hilo, fuatisha herufi isiyoonekana ya U+FE0E; katika HTML ni &#xFE0E;. Mshale wa kawaida → hauna tatizo hilo.

Ninavyofanya mimi

Kwenye tovuti natumia → bila woga, ukurasa ukiwa umetangazwa kuwa UTF-8. Kwenye RSS natumia nambari. Kwenye barua pepe iliyoandikwa kwa Word naangalia kwanza kama mshale ni wa kweli au ni à iliyovaa Wingdings. Kwenye jina la faili naandika "hadi". Kwenye SMS natumia -> au >, kwa sababu mwenye kabambe na mwenye simu ya bei ghali wote wataiona vilevile, na bei haibadiliki.

Ukiwa na kikundi, kanisa, msikiti, shule au chama kinachotuma SMS za jumla, fanya jaribio hili leo. Chukua ujumbe mliotuma mwisho, uubandike kwenye ukurasa wa kutumia lakini usiutume. Tazama idadi ya SMS. Kama herufi hazifiki 160 na ukurasa unasema mbili au tatu, kuna abiria mwenye mzigo humo ndani. Pita neno kwa neno mpaka umpate. Mara nyingi atakuwa mshale, alama ya kunukuu iliyopinda, au emoji ya mikono iliyokunjwa kwa sala mwishoni.